Barua, Mchukuzi na Ufunguo: Historia ya Siri katika Pwani ya Bagamoyo

Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua za kumpelekea mmisionari David Livingstone ulitoka Unguja kwenda Ujiji, pamoja na mizigo ya msafara mdogo uliotayarishwa na John Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza. Msafara ulivuka bahari, ukafika Bagamoyo, ukakaa. Siku 100 hivi zilipita wapagazi na viongozi wao wakiwa bado mjini, na ni Februari 1871, Kirk alipovuka mwenyewe kuja bara, ndipo mzigo ulipoanza safari. Mbele ya safari hiyo vita vya Mtemi Mirambo viliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, na mfuko ukalala tena. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyeondokea Bagamoyo mwaka huohuo, aliukuta Kwihara karibu na Tabora akauchukua, na siku alipoutia mkononi mwa Livingstone zilikuwa zimetimia, kwa hesabu yake, siku 365 tangu utoke Unguja. Ndani yake mlikuwa na barua za watoto wake, na hizo ndizo alizozisoma kwanza.

Hiyo ni habari ya mfuko uliochelewa. Ipo habari nyingine ya njia hiyohiyo, isiyosimuliwa sana, na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi. Livingstone alikuwa Ujiji miaka miwili kabla, mwaka 1869, akaandika barua 40 hivi za kupelekwa pwani na akalipia uchukuzi wake. Karibu zote zilipotea. Yeye mwenyewe aliamini kwamba wafanyabiashara wa Ujiji waliziharibu kwa makusudi, maana walijua anachokiona katika njia za watumwa na walihofia anachokiandika. Tukizipima habari hizi mbili pamoja tunaona jambo ambalo nitalishikilia mpaka mwisho wa makala hii: adui mkubwa wa barua hakuwa simba wala mto uliofurika wala homa ya mpagazi. Adui wake alikuwa yule aliyeishika njia, ambaye barua ililazimika kupita mikononi mwake, na ambaye alikuwa na sababu zake za kutotaka ifike au za kutaka kujua imesema nini. Barua pepe ya leo ina adui huyohuyo. Na kinga yake ya kweli, usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, ambao humwachia kila mchukuzi mzigo bila kumpa uwezo wa kuusoma, si anasa ya wataalamu wa kompyuta. Ni jibu la tatizo ambalo pwani hii imelijua kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Tazama lililotokea baada ya zile barua 40. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, watu wa msafara wa watumwa walipowafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alirudi Ujiji akaandika habari hizo kwa Lord Granville, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Safari hii hakumpa tarishi wa Ujiji. Alimpa Stanley, mgeni asiye na hisa katika biashara ile. Pamoja na barua alimkabidhi daftari lake la kumbukumbu, limefungwa na kupigwa lakiri mahali patano, alama zikiwa zimekandamizwa kwa sarafu ya dhahabu ya Kimarekani na vitu vingine vidogo vilivyokuwa karibu, na juu yake ameandika amri kwamba lisifunguliwe kabisa. Stanley aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei 1872, akavuka Unguja, na barua zikafika London. Habari za Nyangwe zilisomwa na wabunge na wananchi wa Uingereza, ujumbe wa Sir Bartle Frere ukatumwa kwa Sultani Barghash wa Unguja, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja ukatiwa saini. Haitakuwa kweli kusema kwamba barua moja ndiyo iliyolifunga soko lile. Jeshi la majini la Waingereza lilikuwa limekaa nje ya bandari, na shinikizo lilikuwa la miaka mingi. Lakini ushahidi wa aliyeona kwa macho ulikuwa na uzito wake, na ushahidi huo ulipita kwa sababu moja tu, kwamba ulimkwepa mwenye njia.

Lakiri, hata hivyo, haifungi kitu. Inaonyesha tu kwamba kitu kimefunguliwa. Anayetaka kusoma huivunja, akasoma, na mwenye barua hujua baadaye, wakati siri imeshatoka. Daftari la Livingstone lilifika salama kwa sababu Stanley alikuwa mwaminifu katika jambo lile, si kwa sababu nta ina nguvu. Kwa hiyo watu wa pwani, kama watu wa kila mahali penye biashara, walitafuta njia nyingine ya kuficha: kuyabadili maneno yenyewe. Unguja na miji ya jirani walikuwa na kinyume, mazungumzo ambayo silabi ya mwisho huletwa mbele, mtu akasema «rihaba» badala ya «habari». Wafanyabiashara Wahindi wa Bagamoyo, zama za Sewa Haji Paroo na za kijana Allidina Visram aliyeanzia kwake, waliandika hesabu na barua zao kwa Kigujarati, ambacho wengi wa nje ya jamii zao hawakuweza kukisoma. Waswahili waliandikiana kwa herufi za Kiarabu, kwa mtindo wa salamu ndefu na adabu nyingi, na Mzungu aliyeipata karatasi ile mkononi hakuona ila mistari.

Ulinzi wa namna hiyo hudumu mpaka mtu mmoja ajifunze. Askofu Edward Steere alichapisha mfano wa kinyume katika kitabu chake cha Kiswahili cha 1870, na tangu hapo msomaji yeyote wa London aliweza kuugeuza. Mwaka 1892 Carl Büttner, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili katika herufi za Kiarabu, zikiwamo barua, ili Wajerumani waliokuwa wakienda kutawala wajizoeze kuzisoma. Pazia la herufi likapasuka kwa kitabu kimoja cha darasani. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs alikuwa ameandika huko Ufaransa kanuni ambayo wahandisi wa usalama wanaifuata hadi leo: mfumo wa siri unapaswa kubaki salama hata kama adui anajua kila kitu kuuhusu, ila ufunguo peke yake. Kinyume, Kigujarati na herufi za Kiarabu zote zinashindwa kwa kipimo hicho, kwa kuwa ndani yake njia ndiyo siri, na njia ikijulikana hakuna kinachobaki.

Baadaye dola iliichukua njia yenyewe. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilijitwalia forodha za pwani kwa mkataba na Sultani, na kabla ya Septemba kwisha Pangani ilikuwa imeasi chini ya Abushiri bin Salim, Saadani ikisimama na Bwana Heri. Mjerumani Wissmann alikuja na jeshi mwaka 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Utawala ulipotulia, tarishi wa kulipwa na msafara wa mfanyabiashara wakapisha posta ya serikali, na mwaka 1890 waya wa simu (telegrafu) ukalazwa chini ya bahari kutoka Unguja kupitia Bagamoyo hadi Dar es Salaam. Hapa kuna jambo ambalo wanahistoria wa ukoloni hulipita haraka, nami naona linastahili kutulia nalo. Waya ule ulikuwa wa kampuni ya Kiingereza, ileile iliyoufikisha waya wa Aden Unguja mwaka 1879. Mwaka huohuo wa 1890, kwa mapatano ya tarehe 1 Julai, Ujerumani iliikubalia Uingereza iitawale Unguja kwa jina la ulinzi, yenyewe ikapewa kisiwa cha Heligoland. Maana yake ni kwamba gavana wa Kijerumani aliyetuma simu Berlin, na mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyeuliza bei ya pembe huko London, wote walipitishia maneno yao katika chumba cha makarani wa taifa jingine. Karani hakuwa na bahasha ya kufungua. Alikuwa na maneno yenyewe mbele yake, herufi kwa herufi, kwa kuwa asingeweza kuyapeleka mbele bila kuyasoma.

Serikali na wenye mitaji walilielewa hilo upesi. Serikali zilituma simu zao kwa vitabu vya maneno ya siri, na wafanyabiashara wakanunua vitabu vya kifupi cha biashara ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima, kupunguza gharama na pia kumfumba macho karani. Mtu wa kawaida hakuwa na kitabu. Kisha Agosti 1914 ilifika na Vita Kuu ya Kwanza, na waya wa Unguja ukakatwa. Tarehe 8 mwezi huo manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mabomu mtambo wa redio wa Dar es Salaam, na koloni lililotegemea njia ya jirani likajikuta karibu halina njia. Ulaya mambo yalikuwa yaleyale kwa kiwango kikubwa zaidi: Waingereza walizikata nyaya za Ujerumani za baharini, simu za Berlin zikalazimika kupita pale wanapoweza kuzinasa, na Januari 1917 simu ya waziri Arthur Zimmermann kwenda Mexico ilinaswa, ikafumbuliwa, ikasaidia kuiingiza Marekani vitani. Kama dola yenye jeshi na wataalamu haikuweza kuulinda ujumbe wake mara ulipoingia katika njia ya mtu mwingine, sioni ni nini kitakachomlinda mwalimu wa Chalinze au mwanasheria wa Bagamoyo.

Barua pepe ilizaliwa na udhaifu wa simu ya waya. Utaratibu wa kuisafirisha, ulioandikwa mwaka 1982, ulipeleka maneno wazi kutoka seva hadi seva, na kila seva iliyopitiwa ingeweza kusoma na kunakili. Miaka ya karibuni makampuni makubwa yamefunga njia: ujumbe husimbwa unapoondoka seva hii kwenda ile. Wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu ujumbe hufunguliwa tena kila kituo unapofika, kama mzigo ambao ungefungwa Bagamoyo, ukafunguliwa Tabora, ukafungwa tena kwenda Ujiji. Barabara ni salama. Kituo kiko wazi. Daktari wa Bagamoyo akimwandikia mwenzake wa Muhimbili kuhusu mgonjwa, kwa anwani za bure walizonazo watu wengi, maneno yake hukaa katika seva za kampuni ya kigeni yenye uwezo wa kuyasoma. Si tuhuma ya kubuni. Google yenyewe ilisema mwaka 2017 kwamba itaacha kuchambua barua za Gmail ili kulenga matangazo, maana yake ilikuwa ikizichambua. Mwaka 2016 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Yahoo ilikuwa imetengeneza programu ya kupekua barua zote zinazoingia kwa wateja wake, kwa amri ya serikali ya Marekani. Nyaraka za ujasusi wa Marekani alizozitoa Edward Snowden mwaka 2013 zilionyesha ukubwa wa ukusanyaji wa mawasiliano ya watu, na taarifa zilizofuata mwaka 2014 ziliitaja Kenya kuwa miongoni mwa nchi ambazo kumbukumbu za simu zake zilikuwa zikikusanywa. Mawasiliano yetu na ulimwengu hupita katika nyaya chache za baharini, SEACOM ya tangu 2009 na EASSy iliyofuata, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipoharibika kusini, Tanzania nzima iliona jinsi inavyotegemea njia isiyo mkononi mwake.

Jibu la kihandisi lilipatikana kabla hata barua pepe haijawa ya watu wote. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walieleza namna watu wawili wasiowahi kukutana wanavyoweza kukubaliana siri mbele ya anayewasikiliza, na mara baada yao Rivest, Shamir na Adleman wakatoa mfumo wa funguo mbili. Ufunguo mmoja ni wa wazi, unaweza kuubandika hata ukutani. Yeyote akiutumia anaweza kukufungia ujumbe. Wa pili ni wa siri, hauondoki kwako, na ndio pekee unaofungua. Kwa mara ya kwanza katika historia ya barua, mtu hakulazimika kumwamini tarishi, wala karani, wala mwenye waya, wala kukutana kwanza na mwenziwe ili wagawane kitabu cha maneno. Mwaka 1991 Phil Zimmermann, Mmarekani, aliiweka hesabu hiyo katika programu ya PGP akaitoa bure ili watu wa kawaida waitumie katika barua pepe. Serikali yake ilimchunguza kwa miaka mitatu, ikimshuku kuwa amesafirisha silaha nje ya nchi, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliweka usimbaji katika orodha moja na mizinga. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996 bila mashtaka. Kitabu cha siri ambacho zamani kilikuwa cha gavana na tajiri sasa kiko mkononi mwa yeyote mwenye kompyuta.

Pingamizi zito kuliko yote linafahamika, na katika pwani hii halitoki hewani. Kufuli hufunga siri za mwema na za mwovu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu katika balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wanaosema dola lazima iweze kusoma barua wanazungumza juu ya makaburi ya kweli, na hawafai kujibiwa kwa nadharia tupu. Basi tuyaangalie mambo yalivyokwenda. Mwaka mzima kabla ya mabomu, wapelelezi wa Marekani walikuwa wamekwisha kusikiliza simu za Wadih el-Hage, mtu wa al-Qaeda aliyeishi Nairobi, na Agosti 1997 nyumba yake ilipekuliwa, kompyuta ikachukuliwa, ndani yake ikapatikana barua iliyoeleza wasiwasi wa kikundi chao cha Afrika Mashariki. Barua ilisomeka. Ilisomwa. Mabomu yakalipuka. Kilichokosekana hakikuwa uwezo wa kufungua maandishi. Ilikuwa kuunganisha kilichojulikana na kuchukua hatua. Tena angalia ilipatikanaje: kwa kwenda nyumbani kwa mhusika, katika ncha ya mawasiliano, si kwa kufungua mfuko wa kila mtu njiani.

Tofauti hiyo kati ya ncha na njia ndiyo roho ya hoja yangu. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ya Tanganyika ilipotaka kodi ya faida, iliwaagiza wafanyabiashara Wahindi waweke hesabu kwa lugha ambayo wakaguzi wangeisoma badala ya Kigujarati, na maduka yakafungwa kwa mgomo. Mtu anaweza kuilaumu sheria ile kwa ubaguzi na ugumu wake, nami naona walioipinga walikuwa na haki. Lakini hata sheria ile ilimwendea mwenye daftari. Ilimwambia afungue mwenyewe, naye akijua anachoombwa na nani anamwomba, na akaweza kukataa hadharani na kubeba matokeo. Polisi mwenye kibali anaweza leo kuchukua simu ya mtuhumiwa, kumhoji anayeandikiana naye, kufuata fedha zake, kumfuata yeye mwenyewe. Usimbaji hauzuii hata moja kati ya hayo. Unazuia jambo moja: kusomwa kwa wote, kimyakimya, na yule aliyeishika njia.

Na historia ya biashara ya watumwa inalijibu pingamizi hili kwa namna ambayo watetezi wa upekuzi hawaitarajii. Ni kweli wenye misafara nao walikuwa na siri. Baada ya 1873 watumwa waliendelea kupakiwa kwa magendo kutoka fukwe za pwani hii. Lakini uovu wao haukufichuliwa kwa kufungua barua zao. Ulifichuliwa na macho ya watu, ya watumwa waliotoroka, ya wamisionari wa Bagamoyo waliokuwapo tangu 1868, ya mashahidi kama yule wa Nyangwe. Uwezo wa kuzuia na kuharibu barua ulikuwa upande wa wauzaji. Aliyeitawala njia alikuwa mwenye kosa, na aliyehitaji kufuli alikuwa shahidi. Tunapomjengea mchukuzi uwezo wa kufungua kila barua, tunamjengea yeyote atakayekikalia kiti hicho kesho, na hatumchagui sisi.

Msomaji makini ataniuliza: si barua za Livingstone ziliharibiwa kwa sababu hazikusomeka? Waliozishika hawakujua Kiingereza. Kutosomeka kwenyewe ndiko kulikowatia shaka. Swali hili ni la haki. Maandishi yaliyofungwa kati ya maelfu yaliyo wazi humtangaza mwenyewe kuwa ana la kuficha, na ndivyo ilivyokuwa kwa PGP miaka mingi, programu ya wachache waliotambulika kwa kuitumia. Dawa yake ni kufunga kuwe kawaida. Aprili 2016 WhatsApp iliwasha usimbaji wa mwisho hadi mwisho kwa watumiaji wake wote, zaidi ya bilioni moja, na tangu siku hiyo ujumbe uliofungwa hauna maana yoyote ya pekee. Bibi anayemtumia mjukuu picha na mwandishi anayezungumza na chanzo chake wanafanana mbele ya anayechungulia. Ndiyo maana yule asemaye hana la kuficha anapaswa kufunga barua zake kwa ajili ya aliye nalo: mgonjwa, mjane mwenye kesi ya shamba, mtumishi aliyeona fedha za umma zikiibwa. Ajabu ni kwamba salamu zetu za asubuhi sasa zina ulinzi ambao mikataba, vyeti na taarifa za hospitali, vitu tunavyovituma kwa barua pepe, havina.

Sitaki kumwuzia msomaji zaidi ya kilichopo. Utafiti wa Alma Whitten na Doug Tygar wa 1999 uliwapa watu 12 programu ya PGP kwa dakika 90, na theluthi moja tu waliweza kutuma barua iliyosimbwa na kutiwa saini sawasawa. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwa shambulio walilolipa jina Efail kwamba programu nyingi za kusomea barua zingeweza kudanganywa zivujishe maneno yaliyokwisha kufunguliwa. Kichwa cha habari cha barua ya PGP, anwani za wanaoandikiana na saa ya kutuma kwa kawaida hubaki wazi. Huduma ya Proton Mail ya Uswisi, inayosimba barua kati ya wateja wake bila mtumiaji kushughulika na funguo, ilitakiwa na mamlaka za nchi yake mwaka 2021 kutoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati wa Ufaransa, ikaitoa. Maneno ya barua haikuyatoa, maana haikuwa na ufunguo. Mfano huo mmoja unaonyesha mpaka wa ulinzi huu pande zote mbili. Na anayepoteza ufunguo wake bila nakala amepoteza barua zake. Hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Katika nchi yetu, ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi Mei 2023. Wapo wanaosema hayo yanatosha. Yangetosha kama kila sheria ingevuta upande mmoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya kupekua na kuchukua data bila kwanza kupita mahakamani. Desemba 2016 Maxence Melo, mkurugenzi wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria hiyo kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wake, na kesi zikamzungusha mahakamani kwa miaka. Alikuwa mchukuzi mwaminifu, na uaminifu huo ulimgharimu. Huko Marekani Ladar Levison aliifunga kampuni yake ya barua pepe, Lavabit, Agosti 2013, baada ya kutakiwa atoe ufunguo uliofungua mawasiliano ya wateja wake wote. Si haki kuijenga siri ya raia juu ya ujasiri wa watu wawili watatu walio tayari kwenda rumande au kufunga biashara. Mchukuzi asiye na ufunguo hana cha kulazimishwa kutoa.

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watu na makampuni wanaotumia VPN, programu za kuficha mawasiliano ya intaneti, waziandikishe. Chombo hicho si sawa na usimbaji wa barua, lakini agizo lile linaonyesha upepo unakoelekea, na Bunge lina nafasi ya kuugeuza. Naomba mambo mawili kwa wabunge watakaoirekebisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: iandikwe waziwazi kwamba raia ana haki ya kusimba mawasiliano yake mwisho hadi mwisho, na kwamba hakuna mtoa huduma atakayelazimishwa kudhoofisha kufuli hilo, na upekuzi wa data upitie kwa hakimu kwanza. Kwa hospitali, ofisi za mawakili na vyumba vya habari, kuanzia Bagamoyo hadi Pangani na Tanga, ombi langu ni dogo zaidi na halingoji Bunge: barua yenye jina la mgonjwa, mteja au chanzo cha habari isitumwe tena ikiwa wazi.